Kilo Zikigoma Kushuka: Kinachoendelea Mwilini na Pa Kuanzia Jikoni

Miezi ya kwanza huwa mitamu. Soda imeachwa, chapati za asubuhi zimepunguzwa, jioni mtu anatembea mpaka jasho linamtoka, na kila akipanda mzani anakuta namba imeshuka. Gauni lililokuwa likibana limeanza kupwaya. Halafu, bila kosa lolote analoliona, mzani unasimama. Wiki ya pili, ya nne, ya sita, namba ni ile ile. Hapo ushauri unaanza kumiminika. Mmoja anasema mwili umeshazoea, mwingine anasema aache kabisa chakula cha usiku, wa tatu anamuuzia chai ya kupunguza tumbo.

Uzito kugoma humpata karibu kila anayepunguza mwili, kwa njia yoyote aliyoichagua. Hata sindano ya kupunguza uzito ya semaglutaidi, ambayo katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2021 iliwapunguzia watu wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito wao kwa wiki 68, ilifika mahali ambapo uzito haukushuka tena. Kwa hiyo aliyekwama asijione mvivu wala mwenye laana. Lakini ni muhimu ajue kinachoendelea, kwa sababu asiyejua hujinyima mahali pasipo na tatizo na kuliacha tatizo lilipo. Ninachokiamini, na nitakieleza kwa hesabu, ni kwamba kabla hujapunguza chakula zaidi unapaswa kupima upya kile unachodhani unakijua.

Umegoma kweli?

Uzito wa mtu mzima hupanda na kushuka kilo moja hata mbili ndani ya siku chache bila mafuta ya mwili kubadilika hata kidogo. Ukila nyama choma na kachumbari yenye chumvi nyingi Jumapili, mwili unashika maji Jumatatu. Wanawake wengi huongezeka maji siku chache kabla ya hedhi. Choo kikiwa kigumu siku tatu, mzani unakionyesha. Anayeanza mazoezi mapya na kuamka mapaja yanauma naye hushika maji, kwa kuwa misuli iliyochoka inajitengeneza. Mafuta yanaweza kuwa yanapungua wiki nzima na mzani usiseme lolote.

Kuna pia udanganyifu wa wiki ya kwanza. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli kwa umbo la glaikojeni, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na takriban gramu 3 za maji. Ukipunguza ugali na wali ghafla, akiba inatumika na maji yake yanatoka. Ndiyo maana mtu hupoteza kilo mbili au tatu kwa wiki moja na kufurahi, kisha mwezi wa nne anaona nusu kilo kama kushindwa. Kasi ya wiki ya kwanza haikuwa ya mafuta, na si haki kuitumia kama kipimo cha miezi inayofuata.

Tumia mzani mmoja. Mzani wa duka la dawa leo, wa kijana wa barabarani kesho na wa jirani keshokutwa haviwezi kulinganishwa. Uweke kwenye sakafu ngumu, pima asubuhi baada ya kwenda haja na kabla ya chai, mara tatu au nne kwa wiki, kisha chukua wastani wa wiki. Mwanamke alinganishe wiki hii na wiki kama hii ya mzunguko uliopita. Tafuta pia utepe wa fundi cherehani, upime kiuno katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi bila kubana tumbo. Ikiwa wastani haujasogea kwa wiki nne na kiuno nacho hakijapungua, basi uzito umegoma. Kama kiuno kinapungua huku mzani umesimama, endelea na mpango wako, hauhitaji kubadilisha chochote.

Hesabu inayobadilika chini kwa chini

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 38, urefu sentimita 162, uzito kilo 92, kazi yake ya kukaa ofisini. Mwili wa namna hiyo hutumia takriban kalori 2,200 kwa siku. Sehemu kubwa huendesha moyo, mapafu, ubongo na ini na kutunza joto la mwili. Iliyobaki ni ya kutembea, kufanya kazi na kumeng'enya chakula. Mama huyu anaanza kula kalori 1,750. Upungufu ni kama 450 kwa siku, na kwa kuwa kilo moja ya mafuta ya mwili ina takriban kalori 7,700, anapoteza chini kidogo ya nusu kilo kwa wiki.

Baada ya miezi kadhaa yuko kilo 80. Mwili mdogo unahitaji kidogo: hakuna tena mzigo wa kilo 12 wa kupandisha ngazi. Kwa ukubwa wake mpya angetumia takriban 2,050. Lakini mwili unaongeza ubanifu wake juu ya hapo. Mwaka 1995 Rudolph Leibel na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walionyesha kwamba watu waliopoteza asilimia 10 ya uzito wao walitumia nishati kidogo kuliko ukubwa wao mpya ulivyotarajiwa kutumia. Misuli hujifunza kufanya kazi ile ile kwa nishati pungufu, homoni za tezi ya shingoni hushuka kidogo, na leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta na kuuambia ubongo kwamba akiba ipo, hupungua sana. Mama wetu sasa anatumia kama 1,900.

Anakula zile zile 1,750. Upungufu uliobaki ni 150 kwa siku, sawa na nusu kilo na kidogo kwa mwezi mzima. Kiasi hicho maji ya hedhi peke yake yanatosha kukificha.

Wengi bado wanafundishwa kwamba ukipunguza kalori 500 kila siku utapoteza karibu nusu kilo kila wiki, wiki zote. Kanuni hiyo ilienea tangu daktari wa Marekani, Max Wishnofsky, alipoandika mwaka 1958 kwamba ratili moja ya uzito, yaani karibu nusu kilo, ni kalori 3,500. Kiasi cha nishati kilichomo kwenye mafuta hakina ubishi mkubwa. Kosa ni kudhani mwili utaendelea kutumia kiasi kile kile huku ukipungua. Mtafiti Kevin Hall wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani na wenzake walirekebisha hesabu hiyo mwaka 2011: ukipunguza chakula kwa kiasi fulani usibadilishe tena, nusu ya kilo utakazopoteza zitaondoka kwa takriban mwaka mmoja, na karibu zote kwa miaka mitatu.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulipita haraka. Kama tatizo lingekuwa mwili kubana matumizi tu, kilo zingeendelea kushuka polepole kwa mwaka mzima na zaidi. Lakini watu wengi hukwama mwezi wa tano au wa sita. Mtu anayekwama mapema hivyo, kwa kawaida chakula kimerudi bila yeye kuona.

Njaa inafanya kazi kimyakimya

Mwaka 2016 Hall na wenzake walikadiria nguvu hizi mbili na kuzilinganisha. Kwa kila kilo unayopoteza, matumizi ya mwili hushuka kalori 20 hadi 30 kwa siku, lakini hamu ya kula huongezeka karibu kalori 100 kwa siku. Kwa mama wetu aliyepoteza kilo 12, mwili unamdai kalori zaidi ya elfu moja juu ya anazokula. Kwamba bado yuko kilo 80 ni kazi kubwa anayoifanya kila siku, na anastahili kupongezwa kwa hilo. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2011 uliwafuata watu waliopungua kwa mlo mkali wa wiki kumi. Mwaka mmoja baadaye homoni zinazochochea njaa zilikuwa bado juu na zile za shibe bado chini.

Njaa ya namna hii haiji kama tumbo kuunguruma. Inakuja kama mkono unaomimina mafuta kidogo zaidi, kama kuonja mchuzi mara nne, kama kumaliza wali wa mtoto ili usitupwe, kama ukoko unaokwanguliwa ukiwa umesimama jikoni. Mwaka 1992 madaktari wa New York waliwapima watu waliosema kwa dhati kwamba wanakula chini ya kalori 1,200 kwa siku na hawapungui. Waliwanywesha maji yenye atomu zilizowekewa alama, njia inayoonyesha mwili umetumia nishati kiasi gani kwa siku nyingi mfululizo. Miili yao haikuwa na tatizo la kuchoma nishati. Walikuwa wanakula karibu mara mbili ya walichoandika, na mazoezi waliyodhani wameyafanya yalikuwa zaidi ya waliyoyafanya kwa karibu nusu. Hawakuwa waongo. Walikuwa wanadamu wanaokadiria kwa macho, kama sisi sote.

Kwetu kukadiria ni kugumu zaidi. Chakula kinatoka kwenye sufuria, hakina lebo. Wali unaliwa kwenye sinia, mikono mitano pamoja. Nani atajua amekula kiasi gani? Na kuna shinikizo ambalo vitabu vya lishe vya ng'ambo havilijui. Mtu akipungua kilo kumi, mashangazi wanaanza kuuliza, "Mbona umekonda, una nini?" Kwa watu walioshuhudia magonjwa yakiwamaliza ndugu zao, wembamba wa ghafla unatisha, na upendo wao hujibu kwa kuongeza kipande cha nyama na upawa wa mchuzi. Kukataa ni kama kuwakataa wao. Waambie mapema, kwa upole, kwamba daktari ameridhika na wewe mwenyewe umeamua. Ukikaribishwa, anza na mboga na samaki, wali chukua kidogo, kula polepole. Mwenyeji anataka kukuona unakula na kufurahi, hahesabu vijiko. Na kwenye sinia, pakua sehemu yako pembeni kabla hamjaanza.

Hadithi ya "mwili kujifungia"

Kuna imani kwamba ukila kidogo sana mwili unajifungia, unahifadhi mafuta, na hutapungua hata ukila majani. Kati ya mwaka 1944 na 1945, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwalisha wanaume 36 waliojitolea takriban kalori 1,570 kwa siku kwa wiki 24, huku wakitakiwa kutembea kilomita 35 kwa wiki. Miili yao ilibana matumizi kweli. Nishati waliyotumia wakiwa wamepumzika ilishuka kwa karibu asilimia 40. Lakini walipoteza wastani wa karibu robo ya uzito wao, wakabaki mifupa. Hakuna aliyebaki mnene kwa sababu ya kula kidogo.

Wakati huo huo miguu yao ilivimba maji, walikuwa na baridi muda wote, walikata tamaa, na mawazo yao yaligeuka kuwa chakula mchana na usiku. Baada ya kuruhusiwa, baadhi walikula mpaka wakaugua. Kwangu hilo ndilo somo kwa anayefikiria kushuka kutoka kalori 1,750 hadi 1,000 eti mzani umegoma. Hatashindwa kwa sababu mwili umejifungia. Atashindwa siku ya kumi na nne, saa tatu usiku, mbele ya sahani ya chipsi mayai. Chini ya kalori 1,200 usiende bila mtaalamu anayekufuatilia.

Anza na chupa ya mafuta

Ningeshauri jambo moja tu kwa wiki ya kwanza, lingekuwa hili. Nunua chupa ya lita moja ya mafuta ya kupikia, uandike tarehe ya kuifungua kwa kalamu juu yake. Ikiisha, hesabu siku. Lita moja ina takriban kalori 8,200. Familia ya watu wanne ikiimaliza kwa siku tano, kila mmoja amekula kalori 410 za mafuta kwa siku, karibu robo ya mlo mzima wa mama wetu, na hakuna aliyeona mafuta hayo kwenye sahani. Yalikuwa ndani ya maharage, ndani ya mchicha, ndani ya chapati.

Kisha simama jikoni siku unapika. Mimina mafuta kwenye sufuria kama kawaida yako, bila kujibana, halafu kabla ya kuweka kitunguu yahamishe kwenye kijiko cha chakula, kijiko kwa kijiko. Kijiko kimoja ni kalori 120. Wengi wanapofika cha saba au cha nane hunyamaza. Mchuzi wa watu wanne huiva vizuri kwa vijiko viwili ukitumia moto mdogo, ukafunika kitunguu kilainike kwa mvuke wake na ukaongeza nyanya mapema. Samaki wa chukuchuku mwenye ndimu na pilipili hahitaji hata tone. Kwa wapishi wa pwani, tui zito lina takriban kalori 200 kwa mililita 100. Kisamvu kilichoungwa kwa tui la pili, na tui la kwanza likawekwa kidogo mwishoni kwa harufu, kinabaki kitamu.

Chai nayo ipimwe. Vikombe vinne vya chai ya maziwa, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, ni karibu kalori 190 za sukari peke yake, maziwa hayajahesabiwa. Kwa ugali, pima unga kabla ya kuusonga na usihangaike na bonge likiwa mezani: gramu 100 za unga mkavu ni takriban kalori 360, na bonge la mtu mwenye njaa hula gramu 200 kwa urahisi. Andika kila kitu kwa siku saba, pamoja na ulichoonja na ulichomalizia watoto. Siku saba zinatosha. Sitaki mtu aishi maisha yake yote na daftari mfukoni. Lengo ni kujua kalori 200 au 300 zilizorudi zimejificha wapi, uzitoe hapo, mlo uliobaki uuache kama ulivyo.

Unapopunguza mafuta na wanga, protini usiiguse, iongeze. Protini hushibisha kuliko virutubisho vingine, hulinda misuli unapopungua, na mwili hutumia asilimia 20 hadi 30 ya nishati yake katika kuimeng'enya, wakati mafuta huchukua asilimia 3 au pungufu. Kiwango kinachofaa kwa anayepungua ni takriban gramu 1.2 kwa kila kilo ya uzito, yaani gramu 95 hivi kwa mtu wa kilo 80. Huhitaji unga wa makopo ya bei ghali. Mayai mawili asubuhi yana gramu 12, kikombe kimoja na nusu cha maharage yaliyopikwa kama 22, kipande kizuri cha samaki 30 na zaidi, kikombe cha mtindi 8, gramu 30 za dagaa wakavu karibu 18. Maharage, kunde na mbaazi yanaleta pia nyuzinyuzi, ambazo huchelewesha njaa. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kabla ya kuonana na daktari wake.

Mazoezi: funzo kutoka ziwa Eyasi

Mzani ukigoma, wengi huongeza kukimbia. Utafiti mmojawapo unaosema mengi kuhusu hilo ulifanyika Tanzania, kwa Wahadza wanaoishi kando ya ziwa Eyasi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Herman Pontzer na wenzake waliwapima kwa yale maji yenye alama, wakachapisha matokeo mwaka 2012. Wanaume wa Kihadza walitembea kama kilomita 11 kwa siku, wanawake karibu 6, mbali na kazi ya kuchimba na kubeba. Hata hivyo, ukizingatia ukubwa wa miili, nishati waliyotumia kwa siku haikutofautiana na ya Wamarekani na Wazungu wanaokaa ofisini. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili unaofanya kazi nyingi kila siku hubana matumizi kwingine ili jumla isipande sana. Wanasayansi bado wanajadili ubanifu huo ni mkubwa kiasi gani, lakini ukweli kwamba mazoezi peke yake hupunguza kilo chache kuliko hesabu za karatasini umeonekana mara nyingi.

Hesabu za karatasini zenyewe ni ndogo. Mtu wa kilo 80 akitembea kilomita 5 huongeza takriban kalori 200 juu ya alizotumia angekaa. Chapati moja iliyopikwa kwa mafuta ya kutosha inarudisha zote. Kwa hiyo usile kwa sababu "leo nimefanya mazoezi", na usiiamini sana namba inayoonyeshwa na mashine ya kukimbilia.

Je, tuache mazoezi? La hasha. Yanashusha presha, yanaifanya insulini ifanye kazi vizuri, yanatuliza akili, na wanaofanikiwa kubaki na uzito mdogo kwa miaka wengi wao ni watu wanaojishughulisha karibu kila siku. Kinachopaswa kubadilika uzito ukigoma ni aina ya mazoezi, na hapa ningetoa nafasi ya kwanza kwa mazoezi ya nguvu. Anayepungua kwa mlo tu hupoteza misuli pamoja na mafuta. Mara mbili au tatu kwa wiki, fanya ya kuchuchumaa na kuinuka, kujisukuma ukiegemea ukuta na baadaye chini, kupanda ngazi au kipandio ukiwa umebeba, kuinua madumu ya maji. Anza na dumu la lita tano. Rudia mara kumi, pumzika, mizunguko mitatu. Ukiona kumi zimekuwa rahisi, ongeza hadi kumi na tano, kisha ongeza uzito. Bila kuongeza, misuli haina sababu ya kukua. Mwenye maumivu ya magoti aanze kwa kukaa na kuinuka kwenye kiti.

Jambo la pili ni mwendo usioitwa mazoezi. James Levine wa Mayo Clinic mwaka 1999 aliwalisha watu 16 kalori 1,000 za ziada kila siku kwa wiki nane. Wengine walinenepa sana, wengine kidogo mno, na tofauti kubwa ilitokana na mienendo midogo: kusimama, kuzungukazunguka, kutotulia kwenye kiti. Anayejinyima hupata kinyume chake. Anakaa zaidi bila kujua, anamtuma mtoto dukani, anapanda bodaboda mahali alipokuwa akitembea. Fungua simu yako, angalia wastani wa hatua za mwezi ulioanza na wa mwezi huu. Kama zimeshuka kutoka 8,000 hadi 5,500, umepata sehemu ya jibu, na kuteremka kwenye daladala vituo viwili kabla ya chako kunaweza kuwa na faida kuliko kujiua mara moja kwa wiki kwenye jimu.

Usingizi, mapumziko, na dawa unazotumia

Watafiti wa Chicago mwaka 2010 waliwapa watu kumi mlo ule ule wa kupungua katika vipindi viwili vya siku 14: kimoja wakipewa nafasi ya kulala saa 8 na nusu, kingine saa 5 na nusu. Kilo zilizopungua zilikaribiana, takriban tatu. Lakini waliolala vizuri walipoteza mafuta kilo 1.4, waliokatishwa usingizi kilo 0.6, zilizobaki hazikuwa mafuta. Anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi foleni na kulala saa sita usiku kwa ajili ya simu, jibu lake huenda haliko jikoni kabisa.

Kupumzika kwenye mlo nako kuna nafasi yake. Utafiti wa Australia wa mwaka 2017 uliwagawa wanaume 51: kundi moja lilijinyima wiki 16 mfululizo, jingine wiki mbili kwa mbili, likipumzika katikati kwa kula kiasi cha kutunza uzito. Waliopumzika walipungua zaidi. Tafiti za baadaye kwa watu wengine hazikuonyesha faida kubwa hivyo, kwa hiyo silichukulii kama muujiza. Lakini wiki mbili za kula kiasi cha kutunza uzito, kwa mpango, ni bora mara mia kuliko kuporomoka bila mpango.

Halafu angalia dawa zako. Insulini, glibenklamidi, sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, steroidi, na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili zinaweza kuongeza uzito au kuuzuia kushuka. Jaribio la Afrika Kusini lililochapishwa mwaka 2019 lilionyesha ongezeko la uzito kwa wanaotumia ARV zenye dolutegraviri, hasa wanawake. Usiache hata kidonge kimoja kwa sababu ya kilo. Ongea na daktari. Na mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi asipunguze wanga kabla dozi haijaangaliwa, maana sukari inaweza kushuka hadi akapoteza fahamu. Tezi ya shingoni isiyofanya kazi vizuri na vivimbe kwenye mifuko ya mayai ya uzazi pia vinastahili kuchunguzwa, hasa kama kuna uchovu usioisha, nywele kukatika au hedhi kuvurugika.

Chai za kupunguza tumbo ziache. Zenye majani ya sena huharisha kwa kuusukuma utumbo mpana, wakati chakula kimeshanyonywa kwenye utumbo mwembamba. Kinachotoka ni maji na madini. Vidonge vinavyoitwa vya mitishamba vimekutwa mara nyingi duniani vikiwa na sibutramini iliyofichwa, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi.

Huenda umefika

Mama wetu amepoteza asilimia 13 ya uzito wake. Mwaka 2002 jaribio kubwa la kuzuia kisukari nchini Marekani, lililolenga kupunguza asilimia 7 tu ya uzito pamoja na mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, lilipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58. Apime presha, sukari na kiuno chake kabla ya kuamua kwamba kilo 80 ni kushindwa.

Akitaka kufika 75, ninamshauri kwanza akae hapo miezi miwili au mitatu kwa kalori 1,900 hivi, akijenga misuli na kulala vya kutosha, na kuzirudisha hatua zake za kila siku. Kilo zikibaki kati ya 79 na 81 kwa muda huo, atajua kwamba hesabu yake ya jikoni ni ya kweli. Ndipo apunguze 250 au 300, abadilishe kitu kimoja kwa wakati, akipe wiki tatu kabla ya kukihukumu, na atarajie nusu kilo kwa wiki mbili. Kwa mwendo huo kilo tano zitachukua nusu mwaka, pengine zaidi.